Mavi ya Chuma

Kwa Kiswahili chetu halina jina la heshima.
Chuma kikishayeyuka tanurini Miritini,
kinachobaki, cheusi, chenye matundu, ni mavi.
Mavi ya chuma. Baba ndiye aliyeyazoa.

Toroli, koleo, mtaro nyuma ya ukuta,
miaka kumi na tisa,
mpaka kilima kikapita paa la choo cha Mama Riziki.
Masika maji ya kijivu yalimteremkia hadi jikoni,
naye hakwenda kiwandani kugomba. Alikuja kwetu.
Shuleni Jomvu niliitwa Binti Mavi,
na mwalimu, akiita majina, alisita kwanza
kama anayelitafuta la kweli.

Nikiwa darasa la saba Baba alirudi na koleo limepinda.
Mfuko wa chokaa, wa mtu mwingine, ulipasukia juu ya lundo,
ikanyesha usiku, jua likawaka siku mbili,
na lundo likakataa kuchimbika.
Alilaani chokaa, akalaani mwenye chokaa,
akakatwa mshahara wa siku nzima kwa lile koleo.
Mimi nilichukua kipande. Nikakiweka chini ya kitanda
pamoja na viatu vya Idi.

Kilikuwa hapo alipoanza kukohoa.
Kilikuwa hapo tulipomaliza khitma.

Nilirudi kutoka chuo cha ufundi na chekeche, daftari, na deni.
Nyale wa kinu cha posho alinikubalia usiku mmoja,
baada ya mteja wa mwisho, kwa sharti nifagie.
Nilifagia. Wallahi nilifagia.
Bado kesho yake mtaa mzima ulitafuna ugali wenye mchanga,
na Nyale akanionyesha jiwe la kinu lililolika
kama anayenionyesha kidonda.

Jivu ni la boila ya kiwanda cha sabuni;
walifurahi kuliondokewa.
Magadi ni ya jikoni kwa Mama.
Daftari liliponyeshewa nilifunga vipimo kwa vina,
visinitoke:

    Sabini, mavi makavu,
    kumi na tano ni jivu,
    kumi ni chokaa mbivu,
    na magadi yawe tano.

Matofali ya kwanza yalipasuka kama magaga ya mguu.
Ya pili yalitoa chumvi usoni, meupe, kama yaliyolia usingizini.
Ya tatu niliyafunika kwa magunia mabichi,
nikayanywesha asubuhi na jioni, siku ishirini na nane,
kama mzazi aliye ndani.

Mama alivumilia magunia uani. Hakuvumilia magadi.
"Ya wapi magadi yangu? Kunde n'zipikie nini?
Weye wayapikia mawe?"

Siku ya kuvunja, Bwana Mwachiti wa maabara
aliweka tofali katikati ya taya za mashine
na alama ya penseli kwenye kioo: hapa, akasema,
likifika hapa mshukuru Mungu uende nyumbani.
Mshale ulifika. Ukapita.
Akaacha kuchezea simu.
Ulipanda hadi nikaanza kulionea huruma tofali,
na lilipokubali kuvunjika
lilivunjika kwa kishindo, si kwa kunung'unika.

"Malighafi?" kalamu yake juu ya fomu.
"Sema masalia ya viwandani. Yapendeza."
Nikamwambia aandike jina lake.
Alisita, kama mwalimu yule.
Kisha akaandika, kwa herufi ndogo sana.

Tofali zilizosalia nilizirudisha kwa mkokoteni.
Nne nimezipanga mlangoni kwa Mama Riziki,
pale pale maji yanapopitia.
Hajasema asante. Lakini jana jioni nilimwona
amesimama juu yake, kanga ameikunja,
anaosha miguu, taratibu, kidole kwa kidole.

Kunde za Mama bado ngumu.